Kiti cha pili cha Vespa

Katika Kitaliano neno vespa ni jina la nyigu. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilikisajili chombo chenye jina hilo mwezi wa Aprili 1946, wakati nchi ile ilikuwa bado imelemewa na uharibifu wa vita, na kiwanda cha Pontedera kilichokuwa kikiunda ndege kimebomolewa kwa mabomu. Aliyekibuni alikuwa mhandisi wa ndege, Corradino D'Ascanio, mtu ambaye hakuzipenda pikipiki. Aliziona zinachafua nguo, hazikaliki kwa raha, na tairi zake ni taabu kubadilisha. Basi akaunda chombo chenye kifua cha bati cha kumkinga mpandaji na tope, injini iliyofunikwa, nafasi ya wazi ya kuwekea miguu, na gia zinazobadilishwa kwa mkono wa kushoto.

Ndugu msomaji, yatazame hayo kwa jicho la mtu wa Unguja, na utafahamu kwa nini Vespa ilipata wenyeji katika kisiwa chetu. Mwenye kanzu hawezi kupitisha mguu juu ya tangi la pikipiki ila kwa kuipandisha kanzu yake mbele ya watu. Vespa haina tangi mbele ya mpandaji. Mtu huketi juu yake kama anavyoketi kitini, kanzu ikateremka mpaka kwenye vifundo vya miguu, na akafika msikitini siku ya Ijumaa nguo ikiwa kama ilivyotoka kwenye pasi.

Yangu ilikuwa ya aina ya PX, injini ya cc 150, rangi yake ya buluu. Niliinunua ikiwa imeshatumika, katika miaka ya 1980, baada ya milango ya biashara Zanzibar kufunguliwa na bidhaa kuanza kuingia tena madukani. Nilikuwa mwalimu wa skuli, na fedha zile nilizikusanya kwa muda mrefu, kidogo kidogo.

Chombo hiki kina tabia zake, na asiyezijua hakimudu. Injini ni ya mapigo mawili, nayo hulainishwa kwa oili inayochanganywa ndani ya petroli. Kwa kila lita moja ya petroli nilipima mililita 20 za oili, kwa kikombe kidogo nilichokitia alama ya msumari. Oili ikipungua, pistoni hukwama. Ikizidi, plagi huchafuka na moshi ukawaingilia majirani mpaka vyumbani mwao. Injini imekaa upande wa kulia, hivyo chombo hakilingani uzito, na tairi la akiba limewekwa upande wa kushoto. Tairi la mbele na la nyuma ni la kipimo kimoja, inchi 10, hivyo tairi moja la akiba linatosha popote itakapotokea pancha. Unafungua nati tano, unaweka jengine, unaendelea na safari yako. Kila Alkhamisi jioni niliitoa plagi, nikaisugua kwa brashi ya waya, na wanangu walichuchumaa pembeni wakigombea nani ashike spana.

Lakini si injini iliyonifanya niipende. Vespa ina kiti cha pili, na kiti hicho hakikukaa kitupu.

Siku ya Idi tulikuwa watu watano, nami sikupenda kuwarundika watoto. Nilifanya safari nne kwenda viwanja vya Mnazi Mmoja, mmoja baada ya mmoja, na kila mtoto alipata njia yake peke yake na baba yake. Mpaka leo, wakiwa watu wazima, wanayokumbuka ya sikukuu si pembea wala ubuyu. Wanakumbuka zamu zao nyuma ya Vespa, na maneno waliyoniambia sikioni kwa kuwa hapakuwa na wa kuyasikia mengine.

Nilikwenda nayo Makunduchi kwa mazishi na kwa harusi. Njia ile hupita katika msitu wa Jozani, ambako kima punju huvuka barabara bila ya kumjali mtu, na mwenye haraka hana budi kusubiri. Aliyekaa nyuma yangu safari hizo mara nyingi alikuwa ami yangu, mzee ambaye macho yalikuwa yameanza kumtoka. Mimi nilimweleza ninayoyaona, naye akanieleza nani aliyekuwa akimiliki shamba lile na nani aliyepanda miembe ile. Nasaba ya ukoo wetu niliijua mgongoni mwa Vespa.

Na ulikuwapo usiku wa masika mke wangu aliposhikwa na uchungu, mvua inanyesha na teksi haionekani. Tulikwenda nayo mpaka Hospitali ya Mnazi Mmoja, gia ya pili njia nzima, mkono wake umenikamata kiunoni. Kila uchungu ulipomjia alinibana, nami nikapunguza mwendo mpaka vidole vilegee. Binti yetu alizaliwa kabla ya Alfajiri.

Baada ya usiku ule, mke wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakukubali tena niite chombo kile changu. Jirani akibisha hodi baada ya Isha kwa ajili ya mgonjwa au mgeni aliyekwama bandarini, yeye ndiye aliyeniletea ufunguo kabla sijauliza kuna nini. Alikuwa akisema kwamba aliyepewa kiti cha ziada amepewa na mtu wa kukikalia.

Mwaka jana magoti yangu yalikataa kupiga kiki. Habari ilipoenea, akaja mwenye hoteli mmoja akataja bei nzuri. Alitaka kuisimamisha mlangoni kwake iwe pambo la kupigiwa picha. Mwanangu mkubwa aliona tuiuze, kwani ana nyumba anayoiezeka. Wa pili aliitaka kwa mapenzi tu. Binti, ambaye sasa ni mkunga katika kituo cha afya cha shamba, alisema kwamba daladala za njia yake hukoma mapema, na wanaojifungua hawachagui saa.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Mzazi anayempa mtoto mmoja na kuwaacha wengine hupanda kinyongo kitakachovunwa siku ya mirathi, na mafundisho ya dini yetu juu ya uadilifu baina ya watoto yanajulikana. Nikawaita wote watatu. Thamani niliyoishika ni ile aliyoitaja mwenye hoteli, ingawa fundi aliiona imezidi. Vespa nikampa binti. Mkubwa nikampa fedha za thamani hiyo kutoka katika kiinua mgongo changu, akanunulia mabati. Wa pili alichagua ng'ombe wa maziwa na ndama wake, na kilichopungua nikamtimizia. Tuliandika, wakatia saini, tukasoma dua, tukala pamoja.

Wapo walioniuliza kwa nini nimeacha fedha za mgeni nikatoa zangu. Jawabu yangu ni kuwa pambo la mlangoni halimbebi mtu.

Binti ameifungua injini kwa fundi, amebadilisha waya wa klachi na tairi zote mbili. Kikombe chenye alama ya msumari amekichukua pia. Na kitu cha kwanza alichokinunua, kabla ya hivyo vyote, ni kofia ngumu ya pili.