Mipangilio ya kompyuta kutoka Sumbawanga hadi Mtowisa

Andika barua ya Kiswahili kwenye kompyuta mpya ya ofisini, na mara nyingi karibu kila neno litapigwa mstari mwekundu, kwa sababu programu inadhani unaandika Kiingereza kibovu. Ukitaka kuichapa, printa inadai karatasi ya Letter inayotumika Marekani, ilhali trei imejaa A4. Mtumishi mzoefu hurekebisha mwenyewe. Asiyejua humpigia simu afisa TEHAMA. Afisa akiwa Sumbawanga mjini na kompyuta iko Mtowisa, chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa, kazi ya dakika mbili inadai safari ya kuteremka kutoka nyanda za juu za Ufipa.

Dawa ni kupanga mipangilio mara moja kwenye seva. Kwa kompyuta za Windows, njia iliyoenea ni Group Policy, iliyokuja na Windows 2000. Wengi huamini kwamba seva ndiyo inayoisukuma mipangilio hadi kwa mtumiaji. Sivyo. Kompyuta ndiyo huifuata: inapowashwa, mtumiaji anapoingia kwa nywila yake, kisha kila baada ya dakika 90, na juu yake nyongeza ya kubahatisha isiyozidi dakika 30 ili kompyuta zote zisiivamie seva kwa pamoja. Kwa hiyo umeme ukikatika siku nzima hakuna kilichopotea. Kompyuta ikiwaka itauliza. Inayonitia wasiwasi ni kompyuta mpakato inayozunguka vijijini kwa bando la simu, bila kurudi kwenye mtandao wa ofisi. Hiyo hubaki na mipangilio ya siku ilipoondoka.

Kasi ya laini nayo ina neno lake. Windows huipima, na ikiwa chini ya kilobiti 500 kwa sekunde huihesabu kuwa ya polepole. Hapo mipangilio ya usalama huendelea kupita, lakini usakinishaji wa programu huachwa. Ni utaratibu mzuri, maana mipangilio ni data kidogo sana, na programu moja inaweza kufika mamia ya megabaiti. Anayehudumia Matai, Namanyere au Kirando azitenganishe tangu mwanzo: mipangilio ipite kwenye laini, programu kubwa zipelekwe kwa diski pale gari la ofisi linapokwenda huko.

Swali gumu zaidi ni kipi kilazimishwe. Skrini kujifunga mtu anapoondoka mezani, nywila ndefu na masasisho ya usalama viwe lazima, bila kujadiliana na yeyote, hata mkuu wa idara. Kirusi cha WannaCry kilipozuka Mei 2017, Microsoft ilikuwa imetoa kinga tangu Machi kwa Windows ilizokuwa bado inazihudumia. Kompyuta zisizosasishwa ndizo zilizobaki wazi. Lakini lugha ya kukagua tahajia, ukubwa wa herufi au printa ya kuanzia ni mambo ya kumwandalia mtu, kisha aachiwe ayabadilishe. Windows Server 2008 ilileta nafasi hiyo, ila ina mtego: isipochaguliwa kwamba mpangilio utumike mara moja tu, hujirudisha kila mzunguko. Mhasibu mwenye macho hafifu hukuza herufi asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana zimekuwa ndogo tena. Atakachojifunza ni kwamba kompyuta si yake, na hataripoti tatizo linalofuata. Naona hasara hiyo ni kubwa kuliko printa kugoma.

Jaribio lifanyike kwanza kwa kompyuta chache, za masijala kwa mfano, na kwa akaunti ya mtumishi wa kawaida. Mipangilio ina pande mbili, ya kompyuta na ya mtumiaji, hivyo afisa anayekagua kwa akaunti yake ya usimamizi haoni anachokiona karani. Karani akiwa ameingia kwa jina lake, amri ya gpresult huorodhesha mipangilio iliyomfikia na ile iliyokataliwa. Orodha hiyo isomwe kabla ya kuigusa kompyuta ya Mtowisa.