Biskuti za Msaada na Unga wa Mama

Bwana Mkulima, na wewe Bibi uliye mwenye jiko, ikiwa mna mtoto shuleni, yafaa msome habari hii kabla hajawajia. Siku moja atarudi nyumbani na kusema, "Mama, twataka kuoka biskuti tuuze, fedha zimsaidie mwenzetu aliyelazwa hospitali." Au zitakuwa za kumnunulia yatima sare, au za kuezeka jiko la shule. Ni neno jema, na mzazi gani atakataa? Utafungua kabati na kutoa unga, sukari na mafuta, utaokota mayai mawili ya kuku wako, na jioni mtoto atarudi sarafu zikilia mfukoni. Atasema, "Tumepata faida shilingi mia tatu!"

Hapo ndipo nitakapo tuketi kidogo. Hiyo si faida. Hayo ni mauzo. Sehemu kubwa ya fedha hizo imetoka katika kabati lako, wala hapana mtu aliyekuandika popote.

Kazi hii ya wanafunzi kuoka na kuuza ili wasaidie wengine si jambo la jana. Tarehe 12 Machi 1912, katika mji wa Savannah, jimbo la Georgia, huko Marekani, Bibi Juliette Gordon Low alianzisha chama cha wasichana ambacho leo chaitwa Girl Scouts, ndugu wa Girl Guides tunaowajua hapa Kenya. Mwaka 1917 kikosi kimoja cha wasichana hao katika mji wa Muskogee, jimbo la Oklahoma, kilioka biskuti na kuziuza katika chumba cha kulia cha shule ya sekondari. Kikosi kile kiliitwa Mistletoe. Hawakuoka ili wajaze mifuko yao wenyewe. Ilikuwa ni kazi yao ya kuwahudumia watu.

Miaka mitano baadaye, Julai 1922, gazeti la chama hicho lilichapisha maandishi ya Bibi Florence E. Neil, kiongozi wao katika mji wa Chicago. Alieleza jinsi ya kuoka biskuti nyepesi za sukari, nayo maelezo hayo yalikuwa yamekwisha kugawiwa wasichana 2,000 wa chama katika mji wake. Tazameni sasa akili ya mama huyu. Hakutaja vikombe vya unga peke yake. Alitaja gharama pia, ya kwamba vitu vya kuoka dazeni sita mpaka saba vingegharimu senti 26 mpaka 36 za Marekani. Kisha akataja bei ya kuuzia, senti 25 au 30 kwa dazeni. Mapishi, gharama na bei, vyote mahali pamoja, ili msichana ajue mapema atabakiwa na nini.

Haya, tufanye hesabu kama darasani. Tuchukue hali iliyo mbaya kuliko zote: vitu vimegharimu senti 36, dazeni zimetoka sita tu, nazo zimeuzwa kwa bei ndogo ya senti 25. Mauzo ni senti 150. Toa 36, zinabaki 114. Zaidi ya robo tatu ya fedha zilizoingia zaweza kwenda kwenye msaada. Ni biashara nzuri mno!

Lakini mwenye macho atauliza: kuni je? Na kazi ya mama je? Senti zile zilikuwa za vitu vya kuoka tu. Katika miaka ile wasichana walioka katika majiko ya nyumbani, mama zao wakiwa washauri. Biskuti zilitiwa katika mifuko ya karatasi ya nta, ikafungwa kwa kibandiko, zikapelekwa nyumba kwa nyumba. Basi hata huko, pamoja na hesabu nzuri vile, moto na jasho la mama havikuwamo katika hesabu.

Baadaye mambo yalikua. Tangu mwaka 1936 makao makuu ya chama yalianza kutoa leseni kwa viwanda vya mikate vioke biskuti hizo, na wasichana wakabaki na kuuza. Wakati wa vita, sukari, unga na siagi vilipokuwa haba, mwaka 1944 waliuza kalenda badala ya biskuti. Kwa maoni yangu, tangu viwanda vichukue moto, msichana hujifunza nusu tu ya kazi. Aliyekanda mwenyewe ndiye ajuaye kwa nini biskuti moja iliyoungua ni fedha iliyoungua.

Tuje kwetu. Vilabu vya 4K vilianza nchini mwaka 1962, wakati ule ule mashamba makubwa yalipokuwa yakigawanywa kwa skimu, na mwaka 2021 Serikali ilivifufua mashuleni. Maana ya 4K mwaijua: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Watoto wengi hukimbilia lile neno la kusaidia na kuliruka lile la kufanya, na kufanya ni pamoja na kuhesabu. Kwa hiyo nataka tuyatie mapishi yale ya 1922 katika shilingi zetu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe weka za duka lako.

Mapishi ni haya. Kikombe kimoja cha siagi au mafuta mengine ya kuokea, kikombe kimoja cha sukari, mayai mawili, vijiko viwili vikubwa vya maziwa, kijiko kidogo cha vanila, vikombe viwili vya unga wa ngano, kijiko kidogo cha chumvi na vijiko viwili vidogo vya beking pauda. Kikombe kiwe cha robo lita hivi. Siagi na sukari hupigwa kwanza mpaka zilainike, halafu mayai, maziwa na vanila, na mwisho unga uliochekechwa pamoja na chumvi na beking pauda. Donge huwekwa mahali pa baridi muda wa saa moja lisishike mikononi. (Ninyi wa Kinangop hamna haja ya friji, liwekeni penye kivuli tu.) Kisha husukumwa jembamba, hukatwa, hunyunyizwa sukari kidogo, na kuokwa dakika nane mpaka kumi.

Tuseme robo kilo ya unga ni sh. 25, sukari sh. 35, mafuta sh. 100, mayai mawili sh. 30, maziwa sh. 5, vanila na vile vitu vidogo sh. 15, na makaa sh. 40. Jumla sh. 250. Tuseme zimetoka biskuti 72. Sita zimevunjika au zimeonjwa, maana hapana nyumba yenye watoto ambamo hakuna kuonja. Zimebaki 66, zikauzwa shilingi tano kila moja. Mauzo ni sh. 330, na faida ya kweli ni sh. 80.

Sasa sikilizeni mtoto atakavyohesabu. Mayai ni ya kuku wetu, maziwa ni ya ng'ombe wetu, makaa yalikuwapo jikoni. Kwake hayo ni bure. Ataondoa sh. 75 katika gharama na kutangaza faida ya sh. 155. Lakini wewe mkulima wajua ya kuwa yai la kuku wako si bure. Kuku amekula, na yai lile lingeuzwa. Maziwa yale yangepimwa katika mtungi na kuandikwa katika kadi yako ya chama cha ushirika. Basi katika zile sh. 155, sh. 80 zimeletwa na biskuti, na sh. 75 zimetolewa na nyumba yako. Na ikiwa hata unga, sukari na mafuta vilitoka kabatini bila kuandikwa, mtoto atapeleka sh. 330 zote, nawe utakuwa umetoa sh. 250 bila kujua, labda katika mwezi ambao karo ya kaka yake haijatimia.

Sisemi mzazi asitoe. La! Nasema aandikwe. Kuna njia mbili zilizo halali. Ya kwanza, mama akopeshe vitu, na fedha zikiingia alipwe kwanza. Ya pili, mama atoe kwa moyo wake, na katika daftari iandikwe wazi: "Mchango wa mama yake fulani, mayai, maziwa na makaa, sh. 75." Mimi napenda hii ya pili, mradi mama ameulizwa. Mwenye kutoa apate jina lake, na mtoto ajue ni nani aliyesaidia kweli. Mmekwisha kuona katika harambee jinsi watu wanavyonung'unika fedha zisiposomwa mbele yao. Mtoto aliyezoea tangu darasa la sita kusoma hesabu mbele ya wenzake atakapokuwa mweka hazina wa chama chenu hataona haya kuulizwa.

Kuna kosa jingine. Watoto wakipata sh. 330 huzitoa zote kwa msaada siku ile ile, wakashangiliwa na kupigiwa makofi. Jumamosi ya pili hawana hata senti ya unga, nao wanamrudia mama. Huko ni kula mbegu. Mnaweka mbegu ya viazi kila msimu hata mkiwa na njaa. Basi zile sh. 250 za kwanza ni mbegu. Zikae katika kopo lake na kurudi dukani. Itolewe faida peke yake. Wiki ya kwanza itakuwa sh. 80, na mtu ataona haya kuzipeleka kwa mgonjwa. Asione haya. Wakioka wiki kumi ni sh. 800, na kabati la mama halijaguswa.

Tena angalieni mafuta: sh. 100 katika 250, yaani sehemu mbili katika tano. Biskuti hizi hula mafuta. Mahali ambapo wanunuzi hawana fedha nyingi, afadhali kuoka skonzi au mikate midogo ya hamira, ambayo hutaka mafuta kidogo na hushibisha zaidi. Aliye na viazi vitamu vya rangi ya machungwa avichemshe, avimenye, avipondeponde na kuvitia mahali pa sehemu ya unga wa ngano, na maji ayapunguze, kwa kuwa viazi vina maji yake. Rangi yake huwavuta wanunuzi, na viazi hivyo vina vitamini A, nzuri kwa macho ya watoto. Lakini viazi navyo viandikwe bei yake!

Msiseme hamwezi kuoka kwa kuwa hamna jiko la umeme. Twaa sufuria kubwa nzito, tia mchanga mkavu safi kimo cha vidole viwili, weka juu yake vijiwe vitatu vilivyo sawa, na juu ya vijiwe sinia dogo la biskuti. Funika kwa bati bapa na utie makaa ya moto juu ya bati. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, la sivyo biskuti zitaungua tumbo na kubaki mbichi mgongoni. Sufuria ipate moto kwanza kabla ya kutia kitu. Ukitaka kujua kama iko tayari, weka unga kidogo katika kisahani ndani yake na ufunike. Ukigeuka rangi ya kahawia kwa dakika tatu hivi, anza. Ukigeuka mara moja, punguza makaa. Fanyeni kazi hiyo nje au penye hewa nyingi, kwa maana moshi wa makaa usioonekana umeua watu katika nyumba zilizofungwa, na mtoto asiachwe peke yake na moto.

Katika kuuza, mwalimu mkuu aulizwe kwanza, na ikiwa watauza sokoni au barabarani, mwulizeni afisa wa afya, maana sheria ya afya humhusu kila auzaye chakula kwa watu. Mikono ioshwe kwa sabuni na nywele zifungwe. Mwenye kikohozi au tumbo la kuhara asiguse unga siku hiyo. Mahali pazuri pa kuuza ni kituo cha maziwa asubuhi ya Jumamosi, na pazuri zaidi ni siku ambayo chama kinalipa. Kwa mkopo wasiuze hata kwa mjomba! Mtoto hawezi kumdai mtu mzima, na biskuti iliyoliwa hairudi.

Wazazi wengine husema kwamba kuuza humfundisha mtoto kupenda fedha. Labda, ikiwa fedha ni zake. Hizi si zake, naye ajua hivyo tangu mwanzo. Nionalo mimi baya ni kukosa masomo ili kuoka. Basi kazi iwe Ijumaa jioni na Jumamosi, na isizidi hapo.

Daftari lipigwe mistari minne: tarehe, kilichotoka, kilichoingia, kilichobaki. Nyuma yake uandikwe ukurasa wa michango ya nyumbani, kila mama na jina lake. Na biskuti zikitoka motoni ziachwe zipoe kabisa kabla ya kufungiwa katika kopo. Zikifungiwa zikiwa moto hutoa jasho na kuwa laini, na mnunuzi wa Jumamosi hataki biskuti iliyolegea.