Bustani Isiyo na Udongo: Mboga za Uani kwa Maji ya Mvua

Zamani nyumba ya mwambao haikuhesabiwa kuwa imetimia bila ya ua wake. Hata ulipokuwa mdogo, haukukosa mrehani kando ya birika, mchaichai karibu na jiko, na asumini iliyotambaa ukutani ili mama apate cha kutungia kikuba jioni. Leo nyumba nyingi za Malindi, Kilifi na Mtwapa zimepanda juu badala ya kupanuka. Ua umemiminwa saruji, na palipobaki ardhi ni mchanga na mawe ya matumbawe. Mboga nyingi tunazopika hushuka kwa malori kutoka Taveta, Wundanyi na bara, na mara nyingi hufika mlangoni kwetu zimekwisha kunyauka, bei nayo imekwisha kupanda.

Haishangazi, basi, kwamba kina mama wengi wanauliza habari za kilimo kisichotumia udongo, kiitwacho haidroponiki, pamoja na habari za vivungulio, yaani vibanda vya plastiki vya kukuzia mimea. Picha zinazozunguka katika simu huonyesha mabomba meupe, pampu za umeme na safu za saladi za kijani, na wengi hukata tamaa wanapoambiwa gharama yake. Wiki hii tumeona tulizungumze jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa kwa maoni yetu picha zile zinapotosha. Katika pwani yetu bustani ya namna hii haitegemei vifaa vya thamani. Inategemea kadiri: kadiri ya chumvi, ya jua, ya maji, na ya mkono wa mwenye kuitunza.

Maji kabla ya mbegu

Wareno walipotia nanga Malindi mwaka 1498, walikuta mji wenye bustani na michungwa, na sifa zake zikaandikwa katika habari za safari zao. Jirani yake, Gede, mji ambao magofu yake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, ulikuwa na visima vyake na birika la kutawadhia katika msikiti wake mkuu. Wazee wetu walianza na maji, kisha wakajenga. Nasi tukitaka bustani, tuanze hapo hapo.

Maji ya mfereji ya Malindi na Kilifi hutoka katika visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, nayo husukumwa kwa umeme. Umeme ukikatika, mifereji hukauka, nasi hurudi kwenye visima vya mitaani. Visima vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na katika ukame ule wa mwaka 2020 hadi 2023 tulikumbushwa sote thamani ya ndoo moja ya maji baridi.

Mmea uliopandwa ardhini husaidiwa na udongo kustahimili chumvi kidogo. Uliopandwa ndani ya maji hauna msaidizi. Tena mbolea inayotiwa katika maji hayo nayo ni aina ya chumvi. Mboga za majani hupenda maji yenye mbolea ambayo kipimo chake cha chumvi ni kati ya 1.2 na 1.8, kwa hesabu ya milisimensi inayoonekana katika vile vipimo vidogo vya mkononi. Maji ya kisima yakiwa yamekwisha kufika 1.5 kabla ya kutiwa chochote, hayana tena nafasi ya mbolea. Ukilazimisha, kingo za majani zitaungua na miche itadumaa. Asiye na kipimo aonje: maji ambayo ulimi unayakataa, mche nao utayakataa.

Rehema iliyo karibu nasi ni mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa ni sawa na lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la mabati la mita za mraba 40, likipata mvua ya milimita 25 usiku mmoja wa masika, huteremsha lita 1,000. Tukiondoa kinachomwagika, na yale ya mwanzo tunayoyaacha yaoshe vumbi na uchafu wa ndege, hubaki kama lita 800. Maji hayo hayana chumvi, na yakihifadhiwa katika tangi lenye kifuniko yatatumika baada ya mawingu kupita. Mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi zaidi kwetu. Asiyeweka mfereji wa paa mapema atayatazama yakitiririka kuelekea barabarani.

Sanduku lisilohitaji umeme

Katika jangwa la Tindouf, kusini magharibi mwa Algeria, familia za wakimbizi wa Sahara Magharibi hukuza shayiri bila udongo kwa ajili ya malisho ya mbuzi wao, kwa msaada wa Shirika la Chakula Duniani. Shayiri hiyo huwa tayari baada ya takriban siku 7. Mradi ulianza na vyombo vya gharama, kisha ukahamia kwenye vibanda vilivyojengwa kwa vitu vinavyopatikana papo hapo. Ikiwa wenye mbuzi jangwani wameweza, sisi wenye mvua hatuna udhuru.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ilielezwa na Profesa Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, nchi ya visiwa yenye joto kama kwetu. Chukua ndoo, beseni lenye kina, au sanduku la povu la kuwekea samaki lililosuguliwa vizuri. Lisiwe chombo kilichowahi kutiwa dawa za sumu. Lijaze maji yenye mbolea, ulifunike kwa kifuniko kisichopitisha mwanga, kwa kuwa mwanga huzalisha ukungu wa kijani majini. Toboa kifuniko, na katika kila tundu tia kikombe kidogo chenye vitundu, ndani yake pandikiza mche.

Siku ya kwanza maji yaguse tako la kikombe tu. Mche unapokunywa, maji hushuka, na nafasi ya hewa huongezeka kati ya maji na kifuniko. Mizizi ya juu hubaki katika hewa hiyo yenye unyevu na kupumua. Ya chini huendelea kunywa. Kwa sababu hiyo hapahitajiki pampu wala umeme. Kwa saladi, Kratky alikadiria lita 4 hivi kwa kila mche hadi kuvunwa. Hata tukiziongeza maradufu kwa sababu ya joto letu, zile lita 800 za usiku mmoja wa masika zatosha miche 100.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara. Sanduku letu la kwanza lilikuwa na miche 12 ya spinachi. Kila siku baada ya sala ya Alfajiri tulifunua, tukaona maji yamepungua, tukaingiwa na huruma na kujaza hadi juu. Wiki ya tatu majani yalilegea kama yenye kiu, ilhali maji yalikuwa tele. Tulipoinua kikombe tukakuta mizizi imekuwa ya kahawia, inateleza, na inanuka. Tulikuwa tumeizamisha mizizi iliyokwisha kuzoea hewa. Sanduku la pili tulilifunika tukajizuia. Lilipokaribia kukauka tuliongeza kidogo tu, tukaiacha ile nafasi ya hewa kama ilivyo, na likatupa mboga ya mapishi kadhaa. Kujizuia huko kulitushinda zaidi kuliko kazi nyingine yoyote ya bustani.

Mbolea yake hupatikana katika maduka ya pembejeo, kwa kawaida ikiwa sehemu mbili, A na B. Sehemu hizi zisichanganywe zikiwa kavu au nzito. Kalsiamu iliyo katika moja hushikana na salfeti na fosfeti zilizo katika nyingine, ikafanya tope jeupe chini ya ndoo ambalo mmea hauwezi kulinywa. Yeyusha kila moja peke yake katika maji mengi, ndipo uzikutanishe, na ufuate vipimo vilivyoandikwa kwenye pakiti. Kipimo cha pH kiwe kati ya 5.5 na 6.5. Maji yaliyopita katika mawe ya matumbawe huwa juu zaidi ya hapo. Matone ya ndimu huyashusha, ingawa hayadumu, basi pima tena baada ya siku mbili.

Cha kushikilia mche ndani ya kikombe tunacho bila kununua: usumba wa nazi. Lakini usumba una chumvi, hasa ule wa makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokotea kamba. Uroweke usiku mzima, uukamue, umwage maji, na urudie mara tatu au nne mpaka maji yatoke bila rangi nzito.

Kivuli kuliko plastiki

Kivungulio cha plastiki kilibuniwa ili kuhifadhi joto katika nchi za baridi, nacho kinafaa katika nyanda zetu za juu ambako usiku ni wa baridi. Hapa kwetu joto si haba. Kibanda cha plastiki kilichofungwa pande zote, mwezi wa Machi mchana, huwa tanuri. Maji yakishapata moto hewa iliyomo hupungua, na mizizi huoza.

Kinachotufaa ni banda la neti ya kivuli: nguzo nne, neti juu, na pande zilizo wazi ili upepo upite. Juu ya sehemu moja waweza kuweka plastiki ya kuzuia mvua kubwa isimwagikie masandukuni. Masanduku yaelekee mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, nayo yapakwe rangi nyeupe ili yasifyonze joto.

Majira nayo yana neno. Saladi ipandwe wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, hali ya hewa inapopoa. Ikipandwa wakati wa joto la kaskazi huharakisha kutoa maua na majani yake huwa machungu. Mchicha, matembele, mrehani na nanaa huvumilia miezi yote. Nyanya huhitaji chombo kikubwa na kazi zaidi, na usiku wenye joto maua yake hupukutika; mwenye kuanza asianze nayo.

Usalama na tohara ya nyumba

Maji yaliyotulia uani ni amana. Mbu anayeeneza homa ya dengi huzaa katika maji safi yaliyo katika vyombo vya nyumbani, huuma mchana, na yai lake hufika kuwa mbu katika muda wa kama siku 10. Pwani yetu imekwisha kuonja homa hiyo zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kifuniko kisiache mwanya, tundu lisilo na mche lizibwe, na mdomo wa tangi la mvua ufungwe kwa neti ya mbu. Ukiona viluwiluwi vya mbu, mwaga maji hayo kwenye minazi na uanze upya. Pakiti za mbolea ziwekwe juu, mbali na watoto.

Dada zetu wameuliza kama samadi yaweza kutumika badala ya mbolea ya dukani. Ndani ya maji yaliyotulia samadi huoza na kunuka. Aidha, katika madhehebu ya Imamu Shafi, kinyesi cha mnyama ni najisi hata akiwa wa kuliwa, na ua wetu ndio mahali tunapoanika nguo za sala. Mbolea ya madini haina tatizo hilo. Wenye bustani ya udongo watumie samadi, waioshe mboga vizuri kabla ya kupika.

Maji ya udhu nayo yasipotee. Maji yaliyokwisha kutumiwa hayafai kutawadhia tena, lakini ni twahara, na kwa kuwa hayana sabuni yanafaa kumwagilia mrehani na mchaichai wa vyunguni. Weka beseni chini ya mfereji. Mtume (S.A.W.) alitosheka na mudi moja ya maji kwa udhu, ambayo ni kama thuluthi mbili za lita, naye ametukataza israfu ya maji hata tukiwa kando ya mto unaotiririka. Jaribuni nyumbani pamoja na watoto: tawadheni juu ya beseni, kisha mpime kilichomo.

Sanduku moja kwanza

Ushauri wetu ni kuanza na sanduku moja, mchicha au matembele, na maji ya mvua. Mwenye kuhitaji mwongozo zaidi yuko karibu na watu wa elimu: Pwani yetu ina kituo cha utafiti wa kilimo Mtwapa, na Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi, ambacho hapo awali kilikuwa taasisi ya kilimo.

Mboga hizi hazitoki zaka katika madhehebu yetu, lakini jirani ana haki yake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuongeza mchuzi ili jirani apate, na kwamba anachokula mtu, ndege au mnyama katika mmea aliooupanda Mwislamu huandikwa kuwa sadaka. Basi fungu la kwanza likishachumwa, lipelekwe mlango wa pili kabla halijaingia chunguni, pamoja na kikombe kimoja chenye mche, ili naye aanze sanduku lake. Mwenyezi Mungu atutilie baraka katika maji yetu na katika riziki zetu. Amin.