Wapendwa wa Mfalme na Anguko Lao: Kutoka Rumi Hadi Kisii

Mji wa Kisii umekaa mgongoni mwa vilima. Mgeni atokaye pwani kama mimi, aliyezoea kutazama bahari mpaka macho yachoke, hujiona huko kama aliyetumbukia ndani ya bakuli la kijani kibichi. Huku migomba, kule majani chai, na alasiri ikifika mvua hunyesha kana kwamba iliweka ahadi.

Mvua hiyo ndiyo iliyonikalisha katika baraza ya msikiti wa mjini baada ya sala ya alasiri, ubavuni mwa mzee mmoja mwenye kanzu ya kunde na bakora mkononi. Aliponisikia nikisema, alinitambua mara moja.

"Wewe ni wa pwani, mwanangu."

"Naam, mzee wangu. Mombasa, Mji wa Kale."

"Basi nikupe habari ya kwenda nayo. Mji huu unaouona mdogo uliwahi kumwangusha mtu mkubwa. Na mwaka uliofuata, mwana wa hapa hapa akapandishwa juu kabisa. Sisi tumeona milango yote miwili ya ikulu, wa kuingilia na wa kutokea."

Maneno hayo sikuyasahau. Msomaji, nakuomba tuyafuate pamoja, maana yana njia ndefu.

Mtu mkubwa aliyemkusudia mzee ni Charles Njonjo. Huyu alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya tangu uhuru, mwaka 1963, hata mwaka 1980 alipojiuzulu akawa mbunge wa Kikuyu na waziri. Mwaka 1976, wakubwa fulani walipotaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asirithi kiti, Njonjo ndiye aliyewanyamazisha kwa kuwakumbusha kwamba kuwaza kifo cha Rais ni kosa la jinai. Kwa hiyo Moi alipoingia ikulu mwaka 1978, hapakuwa na mtu aliyeonekana kuwa karibu naye kuliko Njonjo. Watu walimwogopa, na waliomwogopa walimpenda, au walijifanya kumpenda.

Tarehe 8 Mei 1983, Rais Moi alihutubia mkutano wa hadhara Kisii. Katikati ya hotuba alisema kwamba kuna mtu anayeandaliwa na mataifa ya kigeni ili aichukue nchi. Jina hakulitaja.

"Tulirudi majumbani tukiulizana, ni nani huyo?" mzee aliniambia. "Kila mtu alimjua, na hapakuwa na aliyethubutu kumtaja."

Mwezi uliofuata jina likatajwa Bungeni. Kabla ya Julai kwisha, Njonjo hakuwa na uwaziri wala kiti cha Bunge. Tume ya majaji ikiongozwa na Cecil Miller ikakaa kumchunguza, na tarehe 12 Desemba 1984 Rais akamsamehe. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafariki Januari 2022 akiwa amepita umri wa miaka 100, lakini mamlaka yale hayakumrudia kamwe.

Niliposikia habari hii nilimkumbuka marehemu ami yangu. Yeye alikuwa karani wa mkubwa mmoja, ambaye sitamtaja, na kila jioni baraza ya mkubwa huyo ilijaa watu mpaka viatu vikapotea mlangoni. Siku bwana alipoachishwa kazi kwa tangazo la redio, ami alikwenda jioni kama desturi yake. Alikuta buli la kahawa, vikombe vimepangwa, na paka mmoja. "Waliokuja jana kuomba kazi," alikuwa akitusimulia, "leo walipita upande wa pili wa barabara." Mwezi haukupita naye akafutwa, akarudi Mji wa Kale kuwaandikia watu barua kwa malipo. Nilipokuwa mtoto nilidhani hiyo ni hadithi ya ami peke yake. Kumbe ni hadithi ya kale sana.

Tazama Rumi. Simaanishi Rumi ya Italia, bali ile ya mashariki, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Constantinople, Istanbul ya leo. Waswahili tunaijua Rumi hiyo tangu mababu, kwani Kaisari wake Herekali ndiye aliyetungiwa Chuo cha Herekali huko Pate mwaka 1728. Ufalme ule ulidumu zaidi ya miaka elfu moja, na karibu kila kaisari alikuwa na mtu wake mmoja, aliyepokea barua, aliyefungua na kufunga mlango, aliyejua nani aonane na mfalme na nani arudishwe. Mara nyingi mtu huyo alikuwa towashi. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Towashi hana mwana wa kumrithisha, na kwa desturi yao hakuweza kuvaa taji mwenyewe. Kaisari alitaka msaidizi asiye na mizizi, ili maji yake yote yatoke katika mtungi wa ikulu.

Mmoja wao aliitwa Eutropius. Utotoni aliuzwa na kununuliwa kama mtumwa, na chini ya Kaisari Arcadius akapanda hata mwaka 399 akapewa ukonsuli, cheo ambacho towashi hakuwahi kupewa kabla yake. Mwaka ule ule akaanguka. Alikimbilia kanisani kuomba hifadhi, na la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ameleta sheria ya kupunguza haki ya watu kujificha makanisani. Mlango aliotaka kuwafungia wengine ndio alioubisha usiku wake. Alihamishiwa Kisiwa cha Cyprus, kisha akarejeshwa akauawa.

Mwingine ni Basil Lekapenos. Baba yake alikuwa kaisari, mama yake mtumwa, naye akahasiwa mapema asije akadai kiti. Cheo chake kwa Kiyunani maana yake ni mwenye kulala kando ya mfalme. Aliwatumikia makaisari kadhaa na kuiendesha nchi kwa miaka mingi, hata Kaisari Basil wa Pili alipopevuka akachoka kutawaliwa. Mwaka 985 alimwondoa na kumfukuza mjini. Kisha hati zilizotolewa zama za waziri yule zikabatilishwa, isipokuwa zile ambazo Kaisari mwenyewe alizitia alama ya mkono wake. Hebu fikiri, msomaji: kazi ya umri mzima inafutwa kwa kukosa alama moja.

Wala tusidhani haya ni ya Warumi peke yao. Mwaka 803, Khalifa Harun Rashid wa Baghdad alimuua Jaafar wa ukoo wa Barmaki, aliyekuwa rafiki yake wa usiku na mchana, na baba na ndugu zake wakatiwa kifungoni.

Hata hivyo, huko Constantinople alikuwako mmoja ambaye anguko lake lina mkasa wa namna nyingine. Theodore Metochites alikuwa waziri mkuu wa Kaisari Andronikos wa Pili, tajiri na mwanachuoni. Mwaka 1328 bwana wake alipinduliwa na mjukuu wake mwenyewe. Nyumba ya waziri ikaporwa, naye akahamishwa. Lakini enzi za neema yake alikuwa ameikarabati kwa mali yake nyumba ya watawa iitwayo Chora, akaijaza picha za vijiwe vya rangi. Aliporuhusiwa kurudi, akaingia humo akavaa joho la utawa, akafa mwaka 1332. Picha yake bado iko juu ya mlango, amepiga magoti na kofia kubwa mno mithili ya kilemba. Baada ya Waturuki kuutwaa mji, jengo hilo liligeuzwa msikiti, likawa makumbusho katika karne ya 20, na tangu 2024 linasaliwa tena. Waliokuwa naye ikulu wengi hawakumbukwi. Yeye akumbukwa kwa kile alichokijenga nje ya ikulu.

Hapo ndipo ninaporudi Kisii, kwa mwana wa hapa aliyetajwa na mzee.

Simeon Nyachae alizaliwa mwaka 1932 Nyaribari. Baba yake ni Chifu Musa Nyandusi, aliyekuwa na sauti katika Gusii nzima zama za Mwingereza. Nyachae alipanda ngazi za utawala: akawa Mkuu wa Mkoa wa Bonde la Ufa, kisha wa Mkoa wa Kati kwa miaka mingi, kisha akaitwa katika Ofisi ya Rais. Mpango wa kupeleka maamuzi ya maendeleo wilayani, ulioanza mwaka 1983, jina lake limeshikamana nao. Na mwaka 1984, mwaka ule ule Njonjo aliposamehewa, Nyachae akawa Katibu Mkuu wa Serikali, mkuu wa makatibu wote na watumishi wote wa umma. Barua zilipita mkononi mwake. Kwa lugha ya Constantinople, ndiye aliyelala kando ya mfalme.

Hakutimiza miaka mitatu. Akatoka, na mwaka 1988 alipotaka kugombea ubunge, chama cha KANU kikamzuia. Wengi walidhani amekwisha. Lakini Nyachae hakuwa Eutropius. Alikuwa na mashamba, alikuwa na biashara ya unga na ya mikate, na juu ya yote alikuwa na kwao. Vyama vingi viliporudi, mwaka 1992 watu wa Nyaribari Chache wakampeleka Bungeni, na Rais yule yule akampa Wizara ya Kilimo.

Januari 1998 akawa Waziri wa Fedha. Huko alisema hadharani kwamba hazina ya serikali ina hali mbaya, na maneno kama hayo hayawapendezi walio karibu na kiti. Februari 1999 alihamishwa Wizara ya Viwanda. Wangapi wameshushwa cheo wakasema asante! Yeye alikataa, akajiuzulu. Mwaka 2002 aligombea urais kwa chama cha FORD-People akawa wa tatu, na viti vingi vya Gusii vikawa vya chama chake. Mwaka 2004 Rais Mwai Kibaki, aliyemshinda, alimwingiza katika Baraza la Mawaziri.

"Walipomfukuza kule," mzee aliniambia, "sisi tulimwona amerudi, hatukumwona ameanguka."

"Na mwaka 2007, mzee wangu?" nilimuuliza, maana mwaka huo watu wa Nyaribari Chache walimnyima kura.

Mzee alicheka akagonga bakora sakafuni. "Hilo ni letu. Mfalme akikuangusha, una pa kwenda kushitaki. Kwenu wakikwambia pumzika, pumzika." Nyachae alipumzika. Alifariki tarehe 1 Februari 2021, akazikwa kwao.

Mvua ilikuwa imepungua, na magari ya Nyamira yalikuwa yakiita abiria. Nyamira, iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya ya Kisii, nayo ina wake. Fred Matiang'i, mzaliwa wa Borabu, aliingia Baraza la Mawaziri mwaka 2013, na Januari 2019 Rais Uhuru Kenyatta akamweka kuwa mwenyekiti wa kamati ya mawaziri ya kusimamia miradi yote ya serikali. Uhuru akamaliza muda wake Septemba 2022. Machi 2023, aliyekuwa akiongoza wizara ya polisi aliitwa kuhojiwa na wapelelezi. Mwaka 2025 alirudi katika siasa.

Nakuomba msomaji uangalie jambo moja. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, waziri wa Kenya hawezi kuwa mbunge. Iko hekima ndani yake, maana mtu mmoja asiwe mtunga sheria na mtekelezaji. Lakini pia imemfanya waziri afanane zaidi na yule wa Constantinople: ameteuliwa kukalia kiti na mtu mmoja, na mtu huyo mmoja aweza kukichukua kabla ya adhuhuri.

Pwani yetu wafalme walikuwa na siwa na mwavuli. Aliyetembea karibu na mfalme alipata kivuli, lakini fimbo ya mwavuli hakuishika yeye. Jua likigeuka, au mshika mwavuli akipinda kona, kivuli chaenda zake. Anayejua hilo hujenga nyumba yake mapema, na simaanishi ya mawe peke yake, bali ile ya watu watakaomfungulia mlango akija bila motokaa ya serikali.

Wahenga wetu wa vyomboni walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Niliagana na mzee, nikamuuliza kama amewahi kufika ikulu. Akasema hajafika, na hana haja. Kisha wakapita vijana watatu, kila mmoja akamwamkia kwa jina, na mmoja akamshika mkono kumvusha barabara iliyojaa matope.