Panga Meza ya Kompyuta ya Chama

Ukipita Mkunya na vijiji vingine vya Newala kuanzia mwezi wa Oktoba, utawakuta watu wengi penye ghala la chama cha msingi. Korosho zimeanikwa, zimechambuliwa na kutiwa magunia. Sasa zinapandishwa kwenye mizani. Karani anaandika jina na kilo. Mkulima anapokea stakabadhi yake na kurudi nyumbani.

Mkulima huyu halipwi siku hiyo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, unazipeleka korosho ghala kuu. Huko zinauzwa mnadani. Baadaye fedha zinarudi kwa mkulima kwa njia ya benki. Kati ya siku ya mizani na siku ya fedha, kinachomlinda mkulima ni maandishi.

Zamani maandishi yote yalikaa katika daftari na majalada ndani ya kabati. Siku hizi mengi yamo katika kompyuta. Tangu msimu wa 2024/2025 hata mnada wa korosho umefanywa kwa kompyuta, kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX.

Labda utasema, "Mimi si karani. Kompyuta inanihusu nini?" Inakuhusu, kwa sababu jina lako limo ndani yake. Somo hili linaeleza jinsi ya kupanga kompyuta ya ofisi ili kila hati ipatikane upesi. Ukiwa karani, utajifunza kuipanga. Ukiwa mwanachama, utajifunza la kuuliza.

1. HASARA YA KUTOKUPANGA

Tuseme mama mmoja amefika ofisini asubuhi. Fedha zilizoingia benki ni pungufu. Anashika stakabadhi ya kilo 312, lakini amelipwa kilo 212. Anaomba karani aangalie orodha ya siku ile.

Karani anawasha kompyuta. Kioo kimejaa picha ndogo ndogo, kama mbegu zilizomwagika uani. Moja imeandikwa "orodha", nyingine "orodha mpya", nyingine "orodha mpya kabisa", nyingine "orodha 2". Anafungua hii, siyo. Anafungua ile, siyo. Mama anasubiri. Watu nyuma yake wanaongezeka. Mwishoni anaambiwa, "Rudi kesho."

Huenda karani huyu ni mwaminifu kabisa. Hati ipo, haikupotea. Lakini hati isiyoonekana siku inapohitajika haina faida kubwa kuliko hati iliyopotea. Tena mtu asiyeonyeshwa maandishi yake huanza kuwa na mashaka. Mashaka yakiingia katika chama, ushirika hulegea.

Na huwezi kujua ni lini maandishi yatahitajika kwa haraka. Mwezi wa Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kabla ya malipo, wakulima walihakikiwa pamoja na mashamba yao. Wakati kama huo kila jina na kila kilo hutafutwa.

2. MEZA YA KOMPYUTA NI NINI?

Ukiwasha kompyuta, kioo cha kwanza kinachofunguka huitwa kwa Kiingereza "Desktop", maana yake ni juu ya meza. Sisi tutaita meza ya kompyuta.

Jina hili lina sababu. Hapo awali mtu aliyetaka kutumia kompyuta ilimbidi akariri maneno ya amri na kuyaandika bila kukosea. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ya Marekani iliuza kompyuta iliyoitwa Star. Katika kioo chake zilichorwa picha za vitu vya ofisini: karatasi, majalada, na sanduku la barua. Mfanyakazi aliona kioo kama meza yake. Kampuni ya Apple ikafuata, ikatoa kompyuta yake ya Macintosh mwaka 1984. Mwaka 1995 kampuni ya Microsoft ikatoa Windows 95, na mtindo huo ukaenea duniani.

Kwa hiyo meza ya kompyuta ifikirie kama meza ya mbao. Juu ya meza unaweka kile unachokishika leo. Vitu vingine hukaa kabatini. Meza iliyofunikwa na karatasi za miaka mitatu hainufaishi mtu.

Jalada la kompyuta huitwa folda. Ndani ya folda mnakaa hati, na mnaweza kukaa folda nyingine ndogo pia.

3. KWANZA PANGA KABATI

Usianze na meza. Anza na kabati, yaani mahali hati zinapolala. Kompyuta za Windows zina folda iitwayo "Documents". Ifungue, kisha fanya hivi:

(a) Peleka mshale wa kipanya mahali patupu. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya. Orodha ya maneno itatokea.

(b) Chagua "New", halafu "Folder". Folda mpya itatokea.

(c) Andika jina lake: CHAMA. Bonyeza Enter.

(d) Fungua folda hiyo ya CHAMA. Ndani yake tengeneza folda nyingine kwa njia ile ile:

1 WANACHAMA
2 MAPOKEZI YA KOROSHO
3 MALIPO
4 PEMBEJEO
5 MIKUTANO
6 BARUA

Namba zinaifanya kompyuta iweke folda kwa mpango wako. Bila namba, itazipanga kwa herufi, na BARUA itatangulia.

Sasa jina la hati. Usiandike "orodha mpya". Mwakani haitakuwa mpya tena. Andika tarehe, ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-11-14 Mapokezi. Ukiandika hivyo, hati zitajipanga zenyewe tangu siku ya kwanza ya msimu hadi ya mwisho. Ukianza na siku, tarehe 14 Novemba itakaa jirani na tarehe 14 Oktoba, nawe utachanganyikiwa.

Yule mama wa kilo 312 anayo tarehe katika stakabadhi yake. Karani akifungua folda ya MAPOKEZI na kuangalia tarehe ile, hati ni moja tu. Ataona kama kosa lilifanyika wakati wa kuandika mapokezi, au limetokea mbele zaidi.

4. HALAFU WEKA NJIA ZA MKATO MEZANI

Kabati limepangika. Lakini karani hataki kufungua folda tatu kila mara anapopokea gunia. Hapo ndipo tunatengeneza njia ya mkato. Hii ni alama ndogo unayoiweka mezani. Ukiibofya mara mbili, inakupeleka moja kwa moja kwenye folda, kama kijia kinachokatisha katikati ya mikorosho badala ya kuzunguka barabarani.

Fanya hivi:

(a) Tafuta folda unayoitaka, kwa mfano 2 MAPOKEZI YA KOROSHO.

(b) Ibofye kwa kitufe cha kulia. Katika Windows mpya, chagua kwanza "Show more options".

(c) Chagua "Send to", kisha chagua neno lenye "Desktop".

(d) Rudi mezani. Shika kitufe chenye picha ya dirisha, na pamoja nacho bonyeza herufi D. Meza itaonekana hapo hapo, hata kama ulifungua mambo mengi.

Utaiona alama mpya. Katika pembe yake ya chini, kushoto, pana mshale mdogo uliopinda. Mshale huo ndio unaokuambia kwamba hii ni njia ya mkato, siyo folda yenyewe.

Weka mezani folda tatu au nne tu, zile za kazi ya kila siku. Wakati wa msimu weka MAPOKEZI na MALIPO. Wakati wa kupuliza salfa, ondoa MAPOKEZI na uweke PEMBEJEO. Mkulima pia haweki zana zote mlangoni. Huweka ile ya kazi ya majira hayo.

Ikiwa macho yako yamechoka, shika kitufe cha Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya. Alama zitakua. Picha ya nyuma iwe ya rangi moja, isiyo na maua mengi, ili majina yasomeke.

5. STAKABADHI SI KOROSHO

Ndugu msomaji, hapa soma polepole. Wengi wamepata hasara kwa kutokujua jambo hili.

Wewe unajua stakabadhi ni nini. Ni karatasi inayoonyesha kwamba korosho zako zipo ghalani. Lakini karatasi siyo korosho. Ukichukua stakabadhi hadi Mtwara, hukubeba magunia. Stakabadhi ikichanika, korosho ghalani hazikuungua.

Njia ya mkato ni vivyo hivyo. Ni alama tu. Folda yenyewe iko kabatini. Kwa hiyo kumbuka mambo matatu.

Kwanza, ukifuta njia ya mkato, hati zako hazifutiki. Usiogope kuiondoa.

Pili, ukifuta folda yenyewe, hati zinaondoka. Njia ya mkato itabaki mezani, lakini haitakupeleka popote. Kwa hiyo kabla ya kufuta, angalia mshale. Kama hakuna mshale, ondoa kidole na ufikiri kwanza.

Tatu, ukitaka kupeleka hati kwa flashi, usinakili njia ya mkato. Karani anaweza kusafiri kutoka kijijini hadi Newala mjini, kwenye ofisi ya chama kikuu, akiwa na flashi mfukoni. Akiichomeka huko, anakuta alama yenye mshale, lakini ndani hamna kitu. Amebeba stakabadhi, ameacha korosho. Nauli imekwenda bure. Fungua "Documents", nakili folda ya CHAMA yenyewe, kisha ifungue ndani ya flashi uone kama hati zimo kabla hujaondoka.

Kuna na ugonjwa wa flashi. Ukichomeka flashi ukaona folda zote zimegeuka kuwa na mishale, na wewe hukuweka mishale hiyo, huenda kirusi kimeingia. Usizibofye. Mwite fundi, au tumia programu ya kuua virusi.

Kila mwisho wa wiki ya mapokezi, nakili folda ya CHAMA katika flashi mbili. Moja ikae ofisini ndani ya kabati lenye kufuli. Nyingine ikae kwa kiongozi aliyechaguliwa na kamati, katika nyumba nyingine. Kompyuta huharibika, huibwa, huungua. Nakala iliyo mbali huokoa.

6. MEZA ISIWE YA KILA MTU

Kupatikana upesi hakumaanishi kuonekana na kila apitaye. Orodha ya wanachama ina majina, namba za simu na namba za benki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ofisi inayotunza habari za watu inawajibika kuzilinda.

Karani akiinuka kwenda kwenye mizani, ashike kitufe chenye picha ya dirisha pamoja na herufi L. Kompyuta itajifunga. Haitafunguka bila neno la siri.

Lakini neno la siri lisijulikane na mtu mmoja peke yake. Karani anaweza kuugua au kuhama. Andikeni neno hilo katika karatasi, litiwe katika bahasha iliyofungwa, na itunzwe na mwenyekiti. Likibadilishwa, bahasha nayo ibadilishwe.

7. PIMENI WENYEWE

Kompyuta ambayo ni karani mmoja tu anayejua kilipo kila kitu ni ya karani huyo, hata kama ilinunuliwa kwa fedha za chama. Kompyuta iliyopangwa ni ya wanachama. Karani akiondoka leo, mwingine ataketi na kuendelea na kazi.

Katika mkutano wenu wa chama, fanyeni jaribio hili. Mwanachama mmoja ajitolee stakabadhi yake ya msimu uliopita. Karani atafute hati ya siku ile, wote wakiangalia saa. Kisha mtu mwingine wa kamati, asiyekuwa karani, atafute hati nyingine kwa kufuata majina ya folda. Wote wawili wakiipata kwa muda mfupi, wapongezeni. Wasipoipata, msigombane. Tengeni siku moja kabla ya Oktoba, mpange kabati na meza.

MANENO YA KUKUMBUKA

Folda: jalada la ndani ya kompyuta.
Kipanya: kifaa cha mkononi kinachosogeza mshale kwenye kioo.
Kubofya: kubonyeza kitufe cha kipanya.
Njia ya mkato: alama mezani inayokupeleka kwenye folda.
Kunakili: kutengeneza hati ya pili iliyo sawa na ya kwanza.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Kwa nini mkulima anahitaji maandishi kati ya siku ya mizani na siku ya malipo?
2. Utajuaje kwamba alama iliyo mezani ni njia ya mkato na siyo folda yenyewe?
3. Eleza kwa maneno yako: "Amebeba stakabadhi, ameacha korosho."
4. Katika chama chenu, nani anajua mahali hati zilipo? Akiondoka, itakuwaje?
5. Andika majina ya folda sita zinazofaa kwa ofisi ya kijiji chenu, au kwa kikundi chenu cha kuweka na kukopa.