Mtoto wa Kagera na Nyimbo za Ziwa Lake

Nanga, ala ya nyuzi ya Wahaya wa Kagera, huchongwa kwa kipande kimoja cha mti, kikachimbwa katikati mithili ya hori jembamba. Uzi mmoja mrefu, ambao zamani ulikuwa kano la ng'ombe, hupitishwa kwenye mapengo ya ncha moja na kurudishwa kwenye mapengo ya ncha ya pili, mpaka zipatikane nyuzi saba au nane. Mpigaji huketi, akaipakata, akaidonoa kwa vidole huku akiimba. Ngazi yake ina sauti tano tu, na hizo zinatosha kubeba utendi mzima.

Tendi hizo zimejaa maji na pori. Yumo Mugasha, mwenye ziwa na tufani. Yumo Irungu, mwenye nyika. Mtu wa Bukoba anajua kwa nini Mugasha anaogopwa: mji wake hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa huletwa na mawingu ya radi yanayojikusanya usiku juu ya Ziwa Victoria, kisha yakaupiga ufuko wa magharibi alfajiri. Wimbo wa Mugasha ni elimu ya hali ya hewa kwa mtoto wa mvuvi.

Mwaka 1983 Profesa Mugyabuso Mulokozi alichapisha utafiti wake kuhusu waimbaji wa nanga, akawatetea kuwa ni watunzi wa tendi kamili. Walilelewa kwenye nyua za Bakama, watawala wa Wahaya. Uchifu ulipofutwa baada ya uhuru, nanga ikakosa mlezi, ikahamia harusini na vilabuni, mahali ambapo mtoto hana kiti.

Mtoto alibakiwa na ngano za jioni, na hapa ndipo penye hazina kubwa zaidi. Ndani ya ngano mna kipande cha kuimbwa: mnyama au ndege anaomba, anaonya au anatisha, na watoto wanaitikia. Kiitikio ni kifupi, kinarudiwa, na hakipandi juu kuliko koo la mtoto. Kihaya ni lugha ya toni, kwa hiyo wimbo hufuata mpando na mshuko wa maneno yenyewe. Mtoto anayeitikia anajifunza kutamka bila kusahihishwa.

Na mwalimu wa muziki yuko hata nje ya nyumba. Panzi waitwao senene wanapoingia Novemba, mtazame dume kwa karibu: anapiga kelele yake kwa kusugua mbawa za mbele, moja juu ya nyingine, akimwita jike. Mtoto aliyeyaona hayo ana mdundo wa kuanzia wimbo wake mwenyewe.

Wapo wazazi wanaodhani Kihaya kitamfungia mtoto nyumbani. Lakini Saida Karoli, binti wa Bukoba, aliimba Kihaya katika "Maria Salome" mwaka 2001, na nchi nzima ikacheza.

Nawaomba wazazi na walimu wa Kamachumu, Nshamba, Rubya, Katerero na Kemondo: msimu huu wa senene, mwombeni bibi asimulie ngano pamoja na wimbo wake. Mrekodini kwa simu, lakini waacheni watoto waitikie wakati huohuo. Na kama kijijini mwenu yupo mzee anayepiga nanga, mwalikeni shuleni angali na nguvu za kuimba.