Kompyuta ya Zamani na Monita Mpya Bapa: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kulipa

Monita ya chogo inapokufa, kompyuta haijafa. Ni vyema jambo hili likaeleweka tangu mwanzo, kwa kuwa mlaji aliyepotewa na picha huambiwa mara nyingi kwamba mashine yote imekwisha na kwamba dawa pekee ni kununua nyingine. Kumbe kinachohifadhi kazi yake ni lile kasha la pembeni, ambalo wengi hulitaja kwa jina la CPU. Humo ndimo lilimo daftari la wanachama wa chama cha ushirika, alama za wanafunzi wa miaka iliyopita, au barua na mitihani ambayo mwenye steshenari huchapa kila muhula. Monita ni dirisha tu la kuyatazamia hayo, na dirisha hubadilishwa bila kubomoa nyumba.

Hata hivyo, kubadilisha kwenyewe kuna mitego, na kwa wakazi wa wilaya za Mbulu na Hanang mitego hiyo ina gharama ya ziada. Anayeishi Haydom, Dongobesh au Basotu hulazimika mara nyingi kufuata bidhaa hizi Babati, au hata Arusha. Nauli ya kwenda na kurudi huweza kuzidi bei ya waya alioufuata. Akirudi na waya usiofaa, amelipa mara mbili na picha bado haijaonekana.

Kabla ya kufunga safari, geuza kasha la kompyuta na uangalie mgongo wake. Kompyuta nyingi za zamani zina tundu la VGA, ambalo aghalabu ni la rangi ya buluu, lenye matundu madogo 15 yaliyopangwa katika safu tatu. Tundu hili lilianza kutumika mwaka 1987, na kwa miongo zaidi ya miwili lilikuwa ndiyo njia ya kawaida ya kupeleka picha kwenye monita. Kompyuta nyingine zina tundu jeupe na pana zaidi liitwalo DVI. Monita mpya, kwa upande wake, karibu zote zina tundu la HDMI, jembamba mfano wa lile la televisheni bapa, na baadhi zina tundu la DisplayPort. Zipo monita mpya ambazo bado zina VGA pia, na kwa mwenye kompyuta ya zamani hiyo ndiyo ya kuulizia kwanza. Ukiipata, waya wa kawaida wa VGA unatosha, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata hayatakuhusu.

Piga picha ya mgongo wa kompyuta kwa simu na uende nayo dukani. Ikiwa kasha lina matundu mawili ya VGA, moja likiwa pamoja na matundu ya kipanya na spika na jingine likiwa peke yake chini zaidi, maana yake ni kwamba kompyuta imeongezewa kadi ya picha. Waya uchomekwe kwenye hilo la kadi, kwa sababu mara nyingi lile la juu huwa limezimwa. Wapo walionunua waya wa pili na wa tatu kwa kutolijua hili.

Tatizo kubwa hutokea pale kompyuta inapokuwa na VGA peke yake na monita ikawa na HDMI peke yake. Wananchi wanakumbuka kwamba kuanzia mwisho wa mwaka 2012 nchi yetu ilizima mitambo ya analojia ya televisheni, na kila mwenye televisheni ya chogo akahitaji king'amuzi. Hali hapa ni hiyohiyo, ila imegeuzwa. Kompyuta ya zamani inatoa picha kwa analojia, yaani kwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka, ilhali monita mpya inasubiri picha ya dijitali, yaani tarakimu. Baina yao panatakiwa kifaa cha kutafsiri, ambacho wauzaji hukiita konvata. Waya mtupu wenye kichwa cha VGA upande mmoja na cha HDMI upande mwingine hautafsiri chochote. Waya wa namna hiyo huuzwa kwa bei nafuu, huingia vizuri kwenye matundu yote mawili, na haumfai mwenye kompyuta ya zamani. Konvata ya kweli ina saketi ndani yake, na kwa kawaida hutoa mkia wa USB wa kuchukulia umeme kutoka kwenye kompyuta. Nyingi huwa pia na waya mwembamba wa sauti, kwa kuwa VGA haibebi sauti.

Zipo konvata za aina mbili, nazo hufanana sana. Moja hutoa picha kwenye HDMI na kuipeleka kwenye VGA. Hii ndiyo iliyozagaa madukani, kwa sababu hutumika kuunganisha kompyuta mpakato za kisasa na projekta za zamani. Nyingine hutoa picha kwenye VGA na kuipeleka kwenye HDMI, na hii ndiyo inayohitajika hapa. Konvata haifanyi kazi kinyumenyume. Jina linaloandikwa kwanza kwenye pakiti ni la upande wa kompyuta. Kwa hiyo pakiti isomeke "VGA to HDMI". Muuzaji akisema "zote ni sawa", mwombe aichomeke mbele yako.

Mwenye tundu la DVI ana nafuu. DVI na HDMI zote hubeba picha ya dijitali, na waya wa kawaida wenye vichwa hivyo viwili hufanya kazi bila konvata, ingawa aghalabu bila sauti.

Sasa tuje kwenye tatizo linalowafanya watu warudishe monita nzima. Waya umechomekwa sawasawa, kompyuta inawaka, nembo ya kiwandani inaonekana kwa sekunde chache, kisha monita inakuwa nyeusi na kuandika "Out of Range". Monita haijaharibika. Monita za chogo ziliweza kuchora picha mara 75 au 85 kwa sekunde, na wengi walizirekebisha hivyo ili kupunguza mtetemo unaochosha macho. Monita bapa za kawaida hutaka mara 60. Kompyuta bado inakumbuka mwenzake wa zamani na inaendelea kutuma picha kwa kasi ile. Kama chogo bado kinawaka japo kwa taabu, kabla ya kukichomoa ingia kwenye mipangilio ya picha na uweke kasi ya 60 pamoja na ukubwa wa 1024 kwa 768. Kama kimekwisha kufa, washa kompyuta huku ukigonga kitufe cha F8 mfululizo, kisha chagua kuwasha kwa "Safe Mode". Kwa Windows XP na Windows 7 njia hii huileta picha ndogo isiyopendeza, lakini inayotosha kukufikisha kwenye mipangilio.

Picha ikishapatikana, huenda watu wakaonekana wanene na herufi zikawa na ukungu. Chogo kilikuwa karibu na mraba. Monita mpya ni pana, na nyingi zina nukta 1920 kwa 1080. Kompyuta isiyoufahamu upana huo hutuma picha nyembamba, na monita huivuta ijae. Tiba yake ni kuweka draiva sahihi ya kadi ya picha, na ikiwa kadi yenyewe haiwezi, kuiamuru monita kupitia menyu yake isiivute picha, bali iache pande mbili nyeusi. Herufi zitakuwa safi. Binafsi naona afadhali pande nyeusi kuliko kuumiza macho siku nzima kwa ajili ya kujaza kioo. Kwa anayetumia VGA, monita nyingi zina pia kitufe au chaguo la kujirekebisha liitwalo "Auto". Libonyeze mara moja wakati kioo kikiwa kimejaa maandishi.

Rangi zikipotea, kwa mfano picha yote ikawa ya kijani na buluu, chunguza pini za kichwa cha VGA. Pini tatu za mwanzo hubeba nyekundu, kijani na buluu, kila moja na yake. Moja ikipinda, rangi yake hutoweka. Lakini pini ya 9, iliyo katikati, haipo kwenye waya nyingi kwa makusudi, na pengo hilo si kasoro. Vumbi la tambarare za Hanang wakati wa kiangazi huziba matundu yasiyotumika muda mrefu, hivyo yapulizwe kwa brashi laini kavu kabla ya kuchomeka, umeme ukiwa umezimwa.

Kwa monita za mtumba, soma kibandiko cha nyuma: kiandikwe 100-240V, au angalau kitaje 230V inayotumika nchini. Ikiwa monita hutumia adapta ya nje, hakikisha inauzwa pamoja na adapta yake. Ya volti 19 haiwekwi mahali pa ile ya volti 12, hata kama kichwa kinaingia.

Kuhusu haki yako, sheria ya nchi inayohusu mauzo ya bidhaa inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayokusudia, naye akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, kwa kawaida bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo usiseme tu "nipe waya wa monita". Sema: "Kompyuta yangu ina VGA, monita ina HDMI." Omba maneno hayo yaandikwe kwenye risiti ya EFD au kwenye karatasi iliyogongwa muhuri wa duka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa. Muuzaji akikataa kubadilisha, mwone afisa biashara wa halmashauri yako, au wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani ukiambatisha nakala ya risiti, picha ya pakiti na picha ya matundu yote mawili.

Chogo cha zamani kisivunjwe wala kutupwa shambani. Kioo chake kina risasi, na ndani huweza kubaki umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Kihifadhiwe mahali pakavu, mbali na watoto, hadi kikabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka za umeme anayetambulika.